Kuendesha nyumba ya mpito kwa wanaume wanaopona maradhi ya akili nchini Uganda: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwanaume anaporuhusiwa kutoka wodi ya magonjwa ya akili, iwe ni Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili jijini Kampala, au kitengo cha hospitali ya rufaa ya mkoa kama Arua, Mbale, Gulu au Mbarara, hukabidhiwa karatasi ya ruhusa na mfuko wa vidonge. Kesho yake anatarajiwa awe baba, mume, mlipa karo na msemaji katika kikao cha ukoo, ilhali mikono yake bado inatetemeka kwa dawa na usingizi wake haujatulia. Wengi hurudi wodini kabla mwaka haujaisha, na jamaa husema dawa hazikufaa. Mara nyingi kilichokosekana ni mahali pa kukaa katika ile miezi ambayo mtu si mgonjwa wa kulazwa wala hajawa mzima wa kujitegemea.

Mwongozo huu ni kwa kikundi, msikiti, kanisa au ukoo unaotaka kuanzisha mahali hapo. Unafuata wazo moja tangu mwanzo hadi mwisho: ugonjwa na kulazwa humpokonya mtu maamuzi yake, kuanzia saa ya kuamka hadi matumizi ya fedha zake, na kazi ya nyumba ni kumrudishia maamuzi hayo kwa utaratibu, moja baada ya jingine, mpaka siku atakapotoka na kuyabeba yote mwenyewe.

Hatua ya 1: Amueni nyumba itakuwa nini

Nyumba ya mpito haitibu ugonjwa mkali, haifungi mtu, wala haimwombei apate kuponywa kwa lazima. Anayeona watu wasiokuwepo na kukataa chakula kwa siku tatu anahitaji hospitali, na aliyehukumiwa na mahakama ana taratibu zake. Nyumba ni ya mwanaume ambaye dalili kali zimetulia, anayekubali kukaa kwa hiari, na ambaye bado hawezi kuishi peke yake au kwao bila kuanguka.

Wazo lenyewe si geni Afrika. Mwaka 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo alianzisha mpango wa Aro, Abeokuta nchini Nigeria, ambapo wagonjwa waliishi na jamaa katika vijiji vilivyo karibu na hospitali, wakitibiwa na kufanya kazi mchana kisha wakirudi kijijini jioni. Jirani zetu Watanzania wana Lutindi, katika milima ya Usambara, ambako kazi za mikono na shamba zimekuwa sehemu ya matunzo kwa zaidi ya miaka mia moja. Mifano hiyo inatufundisha jambo la kuzingatia katika kuchagua mahali: mtu hupona vizuri zaidi akiwa jirani na maisha ya kawaida, mahali anaposikia wauza chapati, adhana, kengele ya shule na kelele za stendi ya boda boda.

Wekeni ukomo wa muda. Ninapendekeza miezi sita, na mitatu ya nyongeza kwa sababu iliyoandikwa. Pasipo na ukomo, familia huanza kuiona nyumba kuwa mahali pa kumwacha mtu, na mwenyewe huanza kuona kwamba hapo ndipo kwao. Wakazi wasizidi kumi, kwa kuwa mlinzi mmoja wa usiku hawezi kujua kama mtu wa kumi na tano amepata usingizi au amejilaza akiwa macho wazi.

Huenda mtu akauliza kwa nini iwe nyumba ya wanaume pekee. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zinaonyesha kwamba duniani kote wanaume 12.6 katika kila wanaume 100,000 walikufa kwa kujiua, na wanawake 5.4. Wanaume huchelewa kuomba msaada, hujitibu kwa pombe, na wakiwa mbele ya wanawake wengi wao hawasemi kwamba wanalia usiku. Vikundi vya tiba vilivyoongozwa na Profesa Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere huko kaskazini mwa Uganda, kwa watu wenye sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu, wanaoishi na virusi vya Ukimwi, viliwatenga wanaume na wanawake, na baada ya mazungumzo vikafundisha stadi za kujipatia kipato. Mpango huo unaweza kuigwa nyumbani bila gharama kubwa.

Hatua ya 2: Fuateni sheria na wenyeji

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 ilichukua nafasi ya ile ya mwaka 1964, na inasisitiza ridhaa, heshima na matibabu karibu na jamii. Isomeni pamoja na mwanasheria kabla ya kupokea mtu wa kwanza, kwa sababu kituo kitakachotoa tiba kinahitaji leseni, na nyumba isiyokuwa na leseni hiyo inapaswa kubaki katika malazi na msaada, huku tiba ikitolewa na kituo cha afya. Kikundi kisajiliwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya. Kisha nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mkiwa na barua, na mwombeni aitishe kikao cha kijiji. Majirani watauliza kama watoto wao watakuwa salama. Wajibiwe bila kuficha, na waonyeshwe nyumba.

Kuhusu lugha, amueni mapema. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba maneno ya dharau yaliyotumiwa na Sheria ya Adhabu kuwaita watu wenye matatizo ya akili yanakiuka utu wao. Nyumbani mwenu maneno "kichaa" na "mulalu", lenye maana hiyohiyo kwa Kiganda, yasisikike hata kwa mzaha, kutoka kwa mpishi hadi kwa mwenyekiti. Mkazi aitwe jina aliloitwa kabla hajaugua. Kama alikuwa Afande, aitwe Afande. Kama alikuwa Mwalimu au Baba fulani, aitwe hivyo. Nimemwona mstaafu wa jeshi aliyekaa kimya majuma mawili akainua kichwa kwa mara ya kwanza alipoitwa kwa cheo chake.

Hatua ya 3: Tafuteni nyumba

Nyumba iwe kwenye umbali wa kutembea kutoka Kituo cha Afya cha ngazi ya nne au hospitali, iwe na maji, choo kisichokuwa na komeo la ndani lisiloweza kufunguliwa kutoka nje, na uwanja. Vyumba viwe vya watu wawili wawili. Mmoja peke yake hujificha, na wanne hupigania kitanda cha dirishani. Kamba, dawa za kuulia wadudu na mapanga vikae stoo yenye kufuli, na visitolewe bila kuandikwa. Lango lifungwe usiku kama nyumba nyingine yoyote ya mtaa, lakini mchana liwe wazi. Lango likifungwa mchana, mmejenga jela, hata kama mlinzi ni mpole.

Hatua ya 4: Wapateni watu wa kazi

Mnahitaji watu wa aina tatu. Wa kwanza ni mtaalamu: muuguzi wa magonjwa ya akili au afisa kliniki wa fani hiyo, ambaye si lazima alale hapo, ila awe na siku maalumu za kuja na simu inayopokelewa. Wa pili ni wahudumu wa zamu, mchana na usiku, waliofunzwa kutambua dalili na kuzungumza na mtu aliyekasirika bila kumgusa. Wa tatu, ambao vikundi vingi husahau, ni wanaume waliowahi kuugua na sasa wanaishi vizuri. Mkazi atamwambia mtu wa aina hiyo kwamba ameacha kumeza vidonge, jambo ambalo hatamwambia muuguzi hata akiulizwa mara kumi. Walipwe mshahara kama wengine. Kuwaita wafanye kazi ya kujitolea kwa sababu "wanaelewa" ni dhuluma.

Chunguzeni pia Kiswahili chenu. Nyumba ya Uganda inaweza kumpokea Mkongomani kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyaka II, Mnubi wa Bombo, dereva wa malori wa Malaba na polisi mstaafu wa Lira, na kila mmoja anasema Kiswahili chake. Watu hawa hawasemi "nina sonona". Watasema wana mawazo mengi, kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, au mwili umekufa ganzi. Mhudumu aandike maneno hayo kama yalivyosemwa na amsomee mtaalamu vilevile, kwa sababu tafsiri ya haraka hupoteza dalili njiani.

Hatua ya 5: Mpokeeni kwa utaratibu

Kabla ya kumpokea mtu, mhudumu wa nyumba amtembelee wodini na azungumze naye bila jamaa kuwepo, kisha na jamaa bila yeye kuwepo, kisha na wote pamoja. Ombeni karatasi ya ruhusa yenye jina la ugonjwa, dawa, dozi na tarehe ya kurudi kliniki. Ulizeni kuhusu kifafa, kisukari, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, na kuhusu jaribio lolote la kujiua. Mwenyewe atie sahihi ridhaa aliyosomewa katika lugha anayoielewa, yenye sentensi inayosema wazi kwamba anaweza kuondoka anapotaka. Jamaa mmoja mwenye jina, si "ukoo", akubali kuja kila mwezi.

Mkatae kwa upole anayeletwa akiwa amefungwa kamba. Mfungueni, mpeni maji, mtafutieni usafiri wa hospitali, na mwelezeni aliyemleta kwamba mtu huyu anaweza kuja baada ya tiba. Kuna siku utakataa mtu na baba yake akalia langoni, nawe hutalala vizuri usiku huo. Hata hivyo, kumpokea aliye mgonjwa mahututi ni kuwahatarisha tisa walio ndani.

Hatua ya 6: Wekeni ratiba, na iwe ya kulegezwa

Kwa majuma mawili ya mwanzo mkazi hufuata ratiba bila kuombwa kuamua mengi, maana kuamua kunachosha. Kuamka ni saa kumi na mbili asubuhi, kisha kuoga na kufagia uwanja, chai na dawa saa moja na nusu, kazi za asubuhi hadi saa nne, mkutano mfupi wa nyumba, chakula cha mchana saa saba, mapumziko, mazungumzo ya kikundi au michezo alasiri, chakula cha usiku saa moja, dawa saa mbili, taa kuzimwa saa nne. Anayetumia klopromazini, dawa ya akili inayoleta usingizi, huenda asiweze kusimama saa kumi na mbili, na huo si uvivu. Apewe saa moja zaidi, na daktari aulizwe kama dozi kubwa inaweza kusogezwa usiku.

Baada ya hapo ratiba ianze kumwachia nafasi. Mwezi wa pili mkazi hupanga alasiri zake tatu za juma. Mwezi wa tatu hupanga zote, na anawajibika kuwaambia wenzake amekwenda wapi. Kuanzia mwezi wa nne hupewa ufunguo wa chumba na siku ya kupika, yaani kupanga posho (ugali), maharage na mboga kwa watu kumi kwa fedha zilizopo. Kupika ni kipimo kizuri kuliko maswali mengi ya kliniki: anayeweza kukisia unga, kuwasha moto kwa wakati na kustahimili malalamiko ya chumvi amepiga hatua.

Mazungumzo ya kikundi yafanyike mara mbili kwa juma, yaongozwe na mtu mmoja yuleyule, na yasizidi dakika tisini. Bao, ambalo Baganda huliita mweso, huwafungua midomo wanaume ambao viti vya duara vimewashinda.

Hatua ya 7: Dawa

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea, na ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu.

Kila mkazi awe na kisanduku chake chenye jina, na daftari moja la nyumba lenye dawa, dozi, saa na sahihi. Mwezi wa kwanza mhudumu humkabidhi dozi na kuona akimeza, bila kumwamuru afungue mdomo kama mtoto. Mwezi wa pili mkazi huja mwenyewe saa ikifika, bila kuitwa. Asipokuja kwa nusu saa, anakumbushwa na inaandikwa. Mwezi wa tatu hukaa na vidonge vya siku saba, vinavyohesabiwa kila Jumamosi pamoja naye. Mwezi wa tano huenda kliniki kuchukua dawa zake mwenyewe, akirudi na kuwasomea wahudumu alichoambiwa. Anayechomwa sindano ya flufenazini, dawa ya akili ya kukaa mwilini muda mrefu, kila baada ya majuma kadhaa naye ajue tarehe yake kwa kichwa. Akilazimika kuuliza tarehe siku ya kuondoka, bado hajakabidhiwa.

Huduma katika vituo vya serikali hailipiwi tangu mwaka 2001, lakini dawa huisha stoo. Wekeni akiba ya majuma mawili, na mjue mapema famasia inayouza kila dawa na bei yake, ili fedha za akiba zilingane. Dawa ya aina moja isibadilishwe kwa nyingine kwa ushauri wa muuza duka.

Madhara yafahamike na kila mhudumu. Haloperido na flufenazini, dawa za kutuliza dalili kali, zinaweza kukakamaza shingo au kugeuza macho juu ghafla. Hilo linatisha lakini hutibika haraka, na mtu apelekwe kituoni saa hiyohiyo. Zinaweza pia kuleta hali ya kushindwa kutulia, mtu akitembea uwanjani usiku kucha na kusema ndani ya mwili kunawasha. Mara nyingi hali hii hudhaniwa kuwa ugonjwa umerudi, dozi ikaongezwa, na mateso yakazidi. Kwa hiyo, kabla ya kusema mkazi amerudiwa, ulizeni kwanza kama dozi ilipandishwa hivi karibuni. Benzekso, inayopewa kupunguza ukakamavu, hubadilishwa kwa sigara na baadhi ya watu kwa kuwa inalevya, hivyo ihesabiwe kwa makini kuliko nyingine.

Klopromazini huifanya ngozi iungue kwa jua na kichwa kizunguke mtu akisimama ghafla; wanaoitumia walime asubuhi na wavae kofia. Olanzapini, nayo ya kundi hilo, huleta njaa na unene, kwa hiyo mzani wa kila mwezi ni wa lazima. Litiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, inahitaji vipimo vya damu, na mtu anayeharisha, kutapika au kutokwa jasho jingi hupata sumu yake upesi. Asipewe diklofenaki wala ibuprofeni bila daktari kujua, ingawa vidonge hivyo vinauzwa kila duka. Karbamazepini, inayotumika pia kwa kifafa, hupunguza nguvu za baadhi ya dawa za virusi vya Ukimwi, na rifampisini ya kifua kikuu hupunguza haloperido, hivyo kliniki zote mbili lazima ziambiane. Mvutaji mkubwa anayeacha sigara ghafla akiwa anatumia olanzapini au klozapini anaweza kuzidiwa na dawa, jambo linalostahili kutajwa kwa daktari kabla ya kumpongeza.

Homa isidharauliwe kamwe. Mkazi akianza kuchanganyikiwa, apimwe malaria kabla ya kuongezewa dawa ya akili. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa na fahamu kupungua ni dharura ya hospitali usiku huohuo.

Katika mwezi wa Ramadhani, kaeni na mtaalamu majuma mawili kabla, mpange upya saa za dawa. Wengi wanaweza kuhamishia dozi kwenye futari na daku, lakini anayetumia litiamu anahatarishwa na kiu ya mchana kutwa, na imamu anayeheshimika akiwaeleza ruhusa ya mgonjwa, atasikilizwa kuliko muuguzi.

Mwisho katika hatua hii ni jambo ambalo wanaume hawalisemi. Baadhi ya dawa hupunguza nguvu za kiume, na mume anayejiandaa kurudi kwa mkewe huacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo. Msisubiri aseme. Mhudumu mwanaume, faraghani, amwulize kila mwezi kama anavyouliza kuhusu usingizi, na amweleze kwamba dozi au dawa inaweza kubadilishwa na daktari.

Hatua ya 8: Pombe, bangi na mairungi (miraa)

Kanuni iwe moja na ijulikane: havitumiki ndani wala nje kwa muda wote wa makazi. Waragi, pombe kali ya Uganda, wa viroba ulipigwa marufuku mwaka 2019, lakini chupa ndogo na pombe za kienyeji zipo karibu na kila kituo cha mabasi. Akianguka mara ya kwanza, asifukuzwe. Alale, apimwe afya, na kesho aeleze mbele ya kikundi ni jambo gani lililotangulia kinywaji hicho. Akianguka mara ya tatu, aelekezwe kwenye huduma ya uraibu, kisha aweze kurudi. Anayekunywa kila siku kwa miaka mingi asikatishwe ghafla nyumbani, kwa kuwa kutetemeka na degedege la kuacha pombe linaweza kuua. Hilo hufanyika hospitalini. Kuhusu sigara, Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuvuta katika maeneo ya umma na ndani ya mita 50 kutoka hapo, hivyo tengeni kona ya nje mbali na majengo, au msiruhusu kabisa.

Hatua ya 9: Kazi na fedha

Kazi ya nyumba isiwe njia ya kupata vibarua vya bure. Shamba la nyumba lilishe nyumba; likiuza ziada, mapato yagawanywe na wakazi, na hesabu isomwe mbele yao. Mtu arudishwe kwenye ufundi alioujua kabla ya kufundishwa mpya, kwani fundi seremala aliyesahau kila kitu bado vidole vyake vinakumbuka randa. Anayerudi kwenye boda boda asubiri ruhusa ya daktari, hasa kama dawa humletea usingizi.

Mapema kabisa, shughulikieni kitambulisho cha taifa. Wengi hukipoteza wakati wa ugonjwa, na bila hicho hakuna laini ya simu, hakuna pesa za simu, hakuna chama cha akiba. Kisha fuateni mtiririko uleule wa kukabidhi: mwezi wa kwanza fedha hutunzwa kwa hiari yake na kuandikwa, mwezi wa pili hupokea fedha kidogo za matumizi ya juma, mwezi wa nne hutumia laini yake mwenyewe na namba yake ya siri, ambayo hakuna mhudumu anayepaswa kuijua. Mhudumu anayeshika namba za siri za wakazi aondolewe kazini, hata kama hajaiba.

Kutakuwa na mjomba mwenye shauku ya kumwingiza mkazi kwenye mikopo, hasa tangu Mpango wa Maendeleo ya Parishi ulipoanza mwaka 2022 na kupitisha fedha katika vyama vya akiba vya kila parishi. Fedha hizo zinaweza kumfaa, lakini nisingemshauri mtu akope katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kutoka. Deni likigoma kulipika, usingizi hupotea, na usingizi ukipotea ugonjwa hurudi.

Hatua ya 10: Familia

Wakati mtu alipokuwa wodini, nyumbani hapakusimama. Kaka aligawa shamba, mke alikwenda kwao, watoto walisikia shuleni kwamba baba yao alitembea uchi sokoni. Anayerudi bila kuyajua hayo hukutana nayo yote jioni moja.

Kwa hiyo anzeni mwezi wa kwanza. Mwiteni jamaa aliyetia sahihi, mweleze ugonjwa ni nini, dawa ni za muda gani na dalili za hatari ni zipi. Mwonyeni kuhusu maneno: nyumba yenye lawama na kelele za kila siku humrudisha mtu hospitalini upesi. Familia nyingi zimekwenda kwa mganga au kambi ya maombi, na nyingine zitakwenda tena. Msigombane nao. Kubalianeni mambo mawili tu, kwamba hatafungwa minyororo wala kuzuiwa kula, na kwamba hataambiwa aache dawa.

Ziara zipangwe kwa ngazi. Ya kwanza ni ya mchana, mhudumu akiwepo. Ya pili ni ya kulala usiku mmoja. Ya tatu ni ya siku tatu, dawa zikiwa mfukoni mwake. Baada ya kila ziara, waulizwe pande zote mbili, kila upande peke yake, ni saa ngapi mambo yalikuwa magumu. Jibu la "hakuna shida" kutoka pande zote mbili ni la kutiliwa shaka.

Kama mkazi alimpiga mtu au kuharibu mali alipokuwa mgonjwa, kikao cha kuomba radhi kiandaliwe akiwa tayari, si kabla, na mwenyekiti wa LC1 aandike muhtasari. Aliyeumizwa ana haki ya kutokuja. Masuala ya shamba na ndoa yapelekwe kwa wazee na mwanasheria. Msiruhusu mkazi atie sahihi hati ya ardhi akiwa ndani ya nyumba yenu, hata akisema ameridhika.

Hatua ya 11: Siku mbaya

Mwezi wa pili, akiwa ametulia, kila mkazi aandike karatasi ya onyo: dalili zake tatu za mwanzo, anachotaka afanyiwe, na asichotaka. Kwa wengi dalili ya kwanza ni kulala saa mbili tu kwa usiku tatu mfululizo. Karatasi hiyo ikaguliwe kwanza kabla ya kupiga simu yoyote.

Mtu akisema amechoka kuishi, mwulizeni wazi kama anafikiria kujiua; swali hilo halimpandikizii wazo. Mmoja akae naye, mwingine aondoe kamba na sumu, wa tatu aite mtaalamu. Jaribio la kujiua limekuwa kosa katika Sheria ya Adhabu ya Uganda, na hofu hiyo hufanya familia zifiche mpaka mtu afe, hivyo waelezeni mapema kwamba pa kwanza pa kwenda ni hospitali.

Kwa hasira, punguzeni watu chumbani, ongeeni taratibu, acheni mlango wazi nyuma yake. Polisi waitwe pale tu penye silaha.

Hatua ya 12: Kuondoka

Tarehe ya kuondoka iandikwe siku ya kuingia na ikumbushwe kila mwezi. Katika juma la mwisho mkazi awe tayari anashika dawa, fedha, ufunguo, simu na tarehe ya kliniki bila kukumbushwa. Kile ambacho bado kinashikwa na mhudumu ndicho sababu pekee ya kuongeza muda. Apewe nakala ya faili lake na barua ya kituo cha afya kilicho karibu na kwao, na timu ya afya ya kijiji huko ijulishwe kwa ridhaa yake.

Mtembeleeni baada ya juma moja, mwezi mmoja na miezi mitatu. Katika ziara ya kwanza, hesabuni vidonge pamoja naye, ulizeni kuhusu usingizi, kisha kaeni mnywe chai na wanaoishi naye. Akizidiwa na kurudi hospitalini, mpelekeeni chakula wodini kama mnavyomfanyia ndugu, na akiruhusiwa, mwanzeni katika hatua ile aliyoishia. Chumba chake kisikae wazi kumsubiri. Orodha ya wanaongoja huwa ndefu, na mwanaume aliyeko wodini leo ana karatasi ya ruhusa ya Ijumaa.